Muundi Uliopakwa Mafuta

Cusco, 14 Novemba

Kwako kaka yangu Eleuterio,

Salamu nyingi zikufikie wewe, na farasi wako, na wale mbwa wako wawili, na hao kondoo wa watu unaowalinda huko kusini mwisho wa dunia. Naomba lori la vyakula litakapokuletea karatasi hizi likukute una afya, kifua kimetulia, na lile jino ulilolilalamikia tangu Pasaka limeshang'olewa. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na hata mguu wangu haujambo, ingawa habari zake ni ndefu na nitakueleza nikifika hapo. Ila kabla hujaendelea, kaka, kama unasoma ukiwa juu ya farasi, shuka. Tafuta pa kukaa.

Mama ametutoka. Nimejaribu kuliandika jambo hili kwa kulizungukazunguka na nimechana karatasi nyingi, kwa hiyo nalisema hivyo hivyo. Alifariki mwisho wa Oktoba, nyumbani kwangu hapa Cusco, mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati. Nilipiga simu ofisi ya shamba lenu, karani akaniambia uko kambi za juu, njia bado ina theluji, na kwamba angekupelekea ujumbe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula. Kama hakukupelekea, nisamehe kwa kukupa msiba kwa njia ya posta. Mimi nililia peke yangu na sasa wewe utalia peke yako, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe, maana Mama alikuwa amechoka na kifo kilimjia kwa upole.

Tulimrudisha kijijini Ccollpapampa juu ya lori la viazi, tukamzika kando ya Baba, upande wa kushoto, kama alivyotaka. Watu walijaa. Shangazi Justa, ambaye hata msibani mdomo wake haupumziki, alisema sasa huko aliko Mashoto watakoma, atawapangia vyungu upande usio wake mpaka waombe arudishwe. Watu walicheka huku wanalia. Nilikuwa nimesahau kwamba kijiji kizima kilimwita Mashoto. Kwangu alikuwa Mama tu, na ule mkono wa kushoto uliomenya viazi na kusokota sufu na kunizaba makofi ulikuwa mkono wa Mama tu. Siku ya Wafu iliangukia siku chache baada ya mazishi, basi tukamwandalia meza yake ya kwanza: supu ya viazi vikavu, simbilisi wa kuoka, majani ya koka, pombe ya mahindi, na mkate wa umbo la mtoto mchanga. Kiti chako tulikiacha wazi. Shangazi Justa alikiwekea kofia ya Baba ili kisionekane kimesuswa.

Hizo ndizo habari za msiba. Sasa kuna jambo jingine, nalo linatuhusu wewe na mimi na Mama peke yetu. Najua wewe unalijua tayari. Mimi ndiye niliyekuwa silijui, na kwa kutolijua nimejijengea kazi, jina na heshima, na vyote hivyo wakati huu vinaondoka.

Unaijua kazi yangu. Uliniandikia zamani kwamba huko kambini huwaeleza wenzako kuwa dada yako ni daktari wa watu waliokwisha kufa, nao hukuuliza kama kuna hata mmoja aliyepona. Waambie ni swali zuri. Maisha yangu yote nimeshika mifupa ya Wakale, wale waliokaa milimani kwetu kabla ya Wainka na kabla ya msalaba, nikitafuta waliugua nini na walijitibu vipi. Watu hudhani niliingia humo kwa kupenda vitabu. Wewe unajua niliingia kwa hasira.

Unakumbuka mguu wangu ulipovimba. Nilikuwa na umri wa kuanza shule. Muundi, hapa mbele chini ya goti, ukawa mwekundu, ukapasuka, ukatoa usaha, ukajifunga, ukapasuka tena. Ulinibeba mgongoni hadi zahanati ya mgodini, Mama akiwa mbele na kuku wa kumpa tabibu. Yule tabibu alipoona mguu umefungwa uzi uliosokotwa kinyume, kushotokushoto, kama tunavyofunga kwetu ili ugonjwa upotee njia, aliukata kwa mkasi na kuutupa chini. Alimwambia Mama kwa Kihispania, halafu akarudia kwa Kiquechua chake kibovu ili aelewe vizuri, kwamba watu wa juu hatujawahi kuwa na dawa wala daktari tangu Adamu, tuna mavi ya lama na ujinga. Akanichoma sindano ya penisilini, akasema nirudishwe kila wiki. Kuku alimchukua. Mama aliinama akaokota uzi wake akautia kifuani. Nilikuwa nimelala pale naona yote, na siku ile niliapa kwamba nitamtafuta daktari wetu popote alipofukiwa, nimlete, nimsimamishe mbele ya mtu yule.

Na nikampata, kaka. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nilimpata katika pango la Wakale lililo juu ya kijiji chetu wenyewe. Nilipokuja na wanafunzi na kibali mkononi, Mama alinisihi nichimbe kwingine. Alisema mapango yamejaa huku, mwanangu, kwa nini hili? Nikamwambia nalitaka hili kwa sababu ndilo tulilokatazwa utotoni. Siku tulipopanda alijifunika shuka akasema kichwa kinamgonga, hata koka ya kuwaomba Wakale radhi akamtuma Shangazi Justa aipeleke. Nikaona ni woga wa kizee.

Mle ndani tulikuta miundi saba, ya watu saba mbalimbali, yote imevimba na kuharibika kwa ugonjwa kama ule ulionila mimi. Na yote saba ilikuwa imekwanguliwa juu ya uvimbe, mikwaruzo myembamba iliyopangana vizuri, iliyochorwa kwa jiwe wala si kwa chuma. Miundi isiyo na ugonjwa, na ilikuwa mingi, haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ndani ya mikwaruzo maabara ilikuta mafuta ya lama yaliyochanganywa na majivu. Unaona mambo yalivyojipanga? Mtu fulani alikuwa amechagua wagonjwa tu, akakwangua mfupa uliooza, kisha akapaka dawa. Na kwa jinsi mikwaruzo ilivyolala, mtu huyo alikuwa shoto. Mifupa ilipopimwa umri ikaonekana ina zaidi ya miaka mia nane. Mafuta yalikuwa machache mno kupimwa umri, nami sikuona haja. Nikaandika kitabu, nikamwita Tabibu wa Mkono wa Kushoto, na jina likashika. Watoto wanalisoma shuleni.

Mtu mmoja tu alinipinga, mwalimu wangu mwenyewe, Dokta Abelardo Zegarra. Alisimama kwenye kongamano, na kile kigugumizi chake, akauliza mbona hakuna muundi hata mmoja ulioanza kupona baada ya kukwanguliwa. Mfupa wa mtu aliye hai huanza kujifunga ukipewa majuma machache tu. Je, wote saba walikufa mikononi mwa tabibu huyu hodari? Nilimjibu kwamba hata leo wapo wanaoingia hospitali kwa miguu yao na kutoka wamebebwa, na hakuna anayesema hospitali haikuwepo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akaketi. Tangu hapo hakuonekana tena makongamanoni, na alipostaafu mimi ndiye niliyepewa ofisi yake.

Basi Mama alipopata kiharusi cha kwanza mwezi wa Julai, nilimleta kwangu. Upande wa kulia ulikufa, wa kushoto ukabaki, na alisema Mungu anajua cha kumwachia mtu. Wakati huo jumba la makumbusho lilikuwa linaandaa ukumbi mpya wa tiba za Wakale, ufunguliwe Desemba, na katikati ya ukumbi, ndani ya kabati la kioo, chini ya taa, uliwekwa ule muundi mzuri kuliko yote. Nilimpeleka auone kabla ya watu wengine. Nilitaka aone nilichomfanyia. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele ya kioo, nikamsomea kibao kwa lugha yetu, kwamba hii ni kazi ya tabibu mkubwa, mwenye mkono mwepesi na moyo wa huruma, aliyewatibu watu wetu karne nyingi kabla meli ya mgeni haijafika. Nilitegemea atalia. Hakulia. Alitazama muda mrefu, akauliza kama taa ile haimchomi. Akauliza usiku wanamfunika na nini. Halafu akanyoosha kidole kwenye tundu dogo la mviringo upande wa chini wa mfupa.

"Na hapa nani kamtoboa?"

Nilimwambia ni mimi, kwa keekee, ili nichukue unga wa kupima umri wake.

"Ukamwacha hivyo hivyo? Wazi?"

Nilicheka, na mlinzi naye akacheka. Nikamwambia huyu haumwi tena, Mama. Alinitazama kama mtu aliyeniona nimetoka nje bila nguo, akasema turudi nyumbani, amechoka.

Siku yake ya mwisho aliamka akili zake zote zimetulia. Aliomba supu, akanywa kidogo, akaniambia nifunge mlango ingawa hapakuwa na mtu mwingine ndani. Alisema anakwenda, na anayekwenda anaruhusiwa kusema. Sasa nakuandikia maneno yake kama nilivyoyapokea, ili uone kama yamebadilika tangu ulipoyajua wewe.

Alisema mwaka ule wa mguu wangu sindano zilikatika. Yule tabibu alihama na wa kumrithi hakuja, na muundi ukapasuka upya, safari hii ukanuka. Mama akaenda kwa Bibi, mama yake Baba, naye akamfundisha. Mkale aliyeugua mguu ndiye anayeombwa kwa ajili ya mguu, kwa sababu ugonjwa ule anaufahamu. Unampelekea koka na pombe, unamwambia jina la mtoto. Unamkwangua kwa jiwe la pangoni mwake, maana chuma hakimgusi Mkale. Unga wake unautia kwenye supu ya mgonjwa. Ukihitaji tena unamtafuta mwingine, kwa kuwa mmoja haombwi mara mbili. Na ukishachukua unamfunga jeraha: unampaka mafuta ya lama na majivu ya mafiga yako mwenyewe ili asipate baridi, kisha unamrudisha pale pale alipolala. Alisema wewe ndiwe uliyekuwa unapanda kumtoa kila mmoja na kumrudisha, umemfunga mgongoni kwa shuka ile ile uliyonibebea mimi. Alisema ulikuwa unaongea naye njiani ili asiogope.

Wote saba, kaka. Nilikunywa supu ile miezi na miezi nikilalamika kwamba ina mchanga.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza vibaya, kwa sauti ninayotumia darasani. Nilisema, Mama, nimeandika kitabu. Nimemwaibisha mzee wa watu mbele ya umati. Wewe mwenyewe ulikuwepo kwenye sherehe ya kukizindua, umevaa kofia mpya, umekaa kimya unakula keki.

Alisema mgonjwa hatakiwi kujua, hilo ndilo sharti la dawa. Mgonjwa akijua alichokunywa wakati aliyekwangua bado yupo, ugonjwa unarudi pale pale ulipotoka, na ukirudi hautoki tena. Aliyekwangua akifa anauchukua, na hapo mambo yamekwisha. Alisema siku nilipompelekea kitabu alimwomba mwalimu wa kijiji amsomee, na hata ukurasa wa kwanza haukuisha kabla hajajua ni nani anayesifiwa. Alishinda jikoni siku nzima anafikiri. Ama aliokoe jina langu kwa kusema, ama auokoe mguu wangu kwa kunyamaza.

"Jina nikasema utajitengenezea lingine, akili unazo," aliniambia. "Mguu ningekutolea wapi?"

Nilipomletea kijiko kingine cha supu alifumba mdomo. Nilipomletea vidonge alifumba mdomo vilevile. Alisema ameshasema, sasa haifai akawie. Akaniomba nimgeuze aangalie ukutani. Mvua ya mawe ilianza muda mfupi baadaye, na kabla haijaisha alikuwa amekwenda. Nimeyawaza hayo kwa njia zote, kaka, na kila njia inanifikisha mahali pale pale: alifanya haraka kwa ajili yangu.

Ningependa kukuambia kwamba nilimwamini papo hapo. Sikumwamini, au sikutaka. Bwana Ugarte, mkurugenzi wa makumbusho, alikuja kunipa pole kabla hatujaondoka na mwili, nikamweleza yote palepale mlangoni. Alinishika bega. Alisema wagonjwa wa kiharusi huweweseka, Daktari, na msiba nao huchanganya akili, tungoje kwanza ukumbi ufunguliwe. Aliyasema kwa upole sana, na nilisafiri na upole ule hadi kijijini, nikiushikilia. Lakini Mama alikuwa ameniambia jiwe liko wapi. Siku ya meza yake, watu wakiwa uani wanakunywa, niliingia jikoni kwetu nikapapasa ukuta juu ya mafiga, nyuma ya tofali lililolegea, nikalikuta. Ni kipande cha jiwe jeusi, kimezungushiwa uzi uliosokotwa kushotokushoto. Uzi una ncha moja iliyokatwa kwa mkasi. Niliutambua kabla sijaufungua.

Nimelileta Cusco, nimelitazama kwa hadubini pamoja na miundi yote. Lina pengo dogo ukingoni, na pengo hilo ndilo lililochora ule mstari wa pembeni ambao katika kitabu changu niliupa kurasa nzima nikiueleza kuwa ni ustadi wa pekee.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Dokta Zegarra. Siku hizi anafuga simbilisi nyuma ya nyumba. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika majani ya kuwalisha, nao wanampigia kelele miguuni. Nilitegemea anifukuze, au afurahi, na haki anayo. Alisema, kwa kigugumizi kile kile, kwamba yeye aliuliza swali tu, jibu kama hili lisingemjia hata kama angepewa maisha mengine. Kisha akaniomba nisitangaze mpaka afe, kwa sababu wanawe wameshazoea kwamba alikosea na hapendi kuwasumbua. Nilishindwa nicheke au nilie, nikafanya yote mawili mbele ya simbilisi wake. Nilipokuwa naondoka aliniuliza kama mguu huniuma mvua zinapoanza. Nilimwambia huniuma kila mwaka.

Nimekwisha kuwaandikia makumbusho na wachapishaji. Nimesema wazi kwamba Tabibu wa Mkono wa Kushoto hakuwahi kuwepo. Ukumbi utafunguliwa ukiwa na vyungu tu, bila miundi. Ofisi sijui kama nitabaki nayo, maana Bwana Ugarte ameacha kunishika bega na sasa ananisalimia kwa jina langu lote. Yule tabibu wa mgodini, kama bado yu hai, na acheke. Niliapa kumletea daktari wetu, nikamletea mama yangu. Na hata sijui ni nini kilichoniponya. Sindano nilichomwa, uzi nilifungwa, supu nilikunywa. Kwa elimu yangu ningesema ni zile sindano za mwanzo, lakini kwa elimu hiyo hiyo nimeshasema mengi.

Kitabu si kitu, kaka. Vitabu vinakosewa na vinaandikwa vingine. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mle ndani nimeusifia mkono ule: ulivyokuwa mwepesi, usivyochukua zaidi ya inavyohitajika, na jinsi mwenye nao alivyokuwa na huruma hata akarudi kulifunga jeraha. Nimemsifu Mama mbele ya watu wa nchi nyingi, na yeye mwenyewe sikumsifu hata siku moja. Miezi hii aliyokaa kwangu nilikuwa namkemea kwa kunywa supu kwa kelele.

Na wewe ulijua. Uliponiandikia kunipongeza kwa kitabu uliweka mwishoni maneno ambayo niliyaona ya ajabu, kwamba nisitembee sana na nitunze mguu. Nilidhani ni mzaha wako wa kawaida. Nimekulaumu siku mbili tatu hivi, nikatembea nyumbani nikikutukana kwa sauti, halafu hasira ikaisha. Sharti lilikubana wewe kama lilivyombana yeye, na wewe ulikuwa kijana mdogo unapanda mlima na mfu mgongoni kwa ajili ya dada anayelia. Sikuwahi kukushukuru kwa kunibeba mimi, wala sikujua kwamba kuna wengine uliowabeba. Basi nakushukuru leo, kwa ajili ya wote.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Dokta Zegarra sijamwambia, kwa kuwa yeye angelazimika kunizuia. Juzi waliurudisha ule muundi kutoka kwenye kabati la kioo na kuuweka ghalani pamoja na wenzake. Niliwaomba vijana wa ghala waende wakapate chai. Kutoka Ccollpapampa nilikuwa nimerudi na kopo la mafuta ya lama alilonipa Shangazi Justa kwa ajili ya magoti, na majivu ya mafiga ya Mama nimeyafunga kwenye leso, nikidhani nimeyachukua kwa ukumbusho. Niliyachanganya kwa kidole. Nikaziba lile tundu nililomtoboa. Wale sita wengine nao niliwatoboa wakati ule, nao nikawaziba. Niliomba radhi kwa sauti, kwa Kiquechua, na nikawatajia jina langu, maana nilikumbuka kwamba waliwahi kutajiwa.

Katika kazi yetu hakuna kosa linalozidi hilo. Mwanafunzi angelifanya ningemfukuza siku hiyo hiyo, kwa sababu atakayekuja baada yangu atakuta mafuta na kudanganyika kama nilivyodanganyika mimi. Kwa hiyo nimemwachia kikadi, nimekifunga kwenye muundi ule kwa uzi wa Mama. Kinasema: Mikwaruzo ni ya Hermelinda Ccahuana, mkono wa kushoto, kwa ajili ya mwanawe. Tundu ni la mwanawe, mkono wa kulia, kwa ajili ya kujua. Mafuta ni ya wote wawili.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ukipata siku tulivu, niandikie ulikuwa unawaambia nini njiani. Nimeishika miguu ya watu wale miaka yote hii na sijui hata jinsi ya kuanza mazungumzo nao.

Na mguu wangu, niliokuahidi habari zake. Unajua jinsi unavyouma kila mvua za Novemba zinapoanza, tangu utotoni, hata nikiwa mbele ya wanafunzi huwa nauegemeza kwenye meza. Mwaka huu mvua zimeanza mapema na zinanyesha kila siku. Nimengoja. Nimetembea bila soksi kwenye sakafu ya saruji, nimekaa dirishani na baridi. Hauumi, kaka. Hauumi hata kidogo, na mimi nakaa hapa nauminya kwa vidole, natamani uume.

Wasalimie wenzako wa kambini na uwaambie yupo mmoja aliyepona. Shangazi Justa anakusalimu na anasema urudi ukiwa bado una meno ya kulia mahindi. Jifunike vizuri, usilale na nguo zenye maji, na siku ukiwa na koka umwagie Mama kidogo chini, upande wa kushoto. Mungu akulinde huko uliko mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi dada yako uliyembeba,

Nicolasa Sullca Ccahuana